Biskuti za Karanga za Mbegu

Madebe ya karanga yalikuwa mawili, darini, juu ya jiko la nyumba yao kule Bigwa, pembeni ya mji. Moja la kula, moja la mbegu. Aliyeyapandisha huko ni Yuliana, na Yuliana alikuwa amekwisha kufa.

La kula halikuwa na alama. La mbegu alilizungushia kipande cha kaniki, akakikaza kwa fundo. Alikuwa na sababu. Msimu wa nyuma mchwa walimaliza karanga ardhini kabla hazijaota, kwa hiyo safari hii alinunua dawa. Zamani dawa ilikuja na bwana shamba wa ushirika, naye alisimama shambani akaeleza. Sasa ushirika ulikuwa umelala, biashara imefunguliwa, na kila mtu anauza alichopata. Yuliana aliipata kwa mchuuzi wa sokoni, unga mweupe uliofungwa kwenye kipande cha gazeti, hauna jina. Mchuuzi alimwambia neno moja tu: "Mama, ukishazipaka, hizi ni za ardhini. Hata kuku asionje."

Habari hiyo Yuliana alimpa dada yake, Cecilia, kule Matombo. Mumewe hakumwambia. Si kwamba alimficha. Kwa Waluguru shamba ni la ukoo wa mama, na mbegu ni za ukoo wa mama. Mwanamume aliyeoa hulima, hula, hashughuliki na mbegu zimelala wapi. Kisha homa ikamchukua Yuliana haraka, na katika maneno machache aliyoyasema kitandani, madebe hayakuwemo.

Mume huyo ni Alois.

Alizaliwa Matombo, juu ya misheni. Shule aliiona akiipita na mzigo wa ndizi kichwani. Alishuka mjini kijana, akakata mkonge, kisha akapata kazi kwenye karakana ya samani ya shirika la umma, kwenye msumeno mkubwa wa kupasulia mbao. Akakaa hapo hadi nywele zikawa nyeupe. Vidole vyote bado alikuwa navyo, na watu wa msumeno wanajua hilo maana yake nini. Pua tu ndiyo iliyokwisha. Vumbi la mninga lilikuwa limeiua. Moshi mpaka auone ndipo ajue upo.

Maneno yake yalikuwa machache. Yuliana ndiye aliyekuwa akisema kwa niaba ya wote wawili, na vitu vingine alivisema kwa mikono. Alikuwa amelelewa jikoni kwa masista, akajifunza kuoka. Kila mwaka karanga zikishavunwa alioka biskuti, akazijaza kwenye kopo kubwa la maziwa ya unga, akampa mumewe. "Kawape wenzako. Mtu anayeshinda na chuma mchana kutwa anahitaji kitu kitamu." Miaka ya foleni za sukari alitia asali. Ruksa ya biashara ilipokuja na maduka yakajaa, akaanza kutia chokoleti. Aliikata kwa kisu, vipande vidogo kama punje za mahindi. Pale karakana watu walizijua. Walikuwa wakiuliza, "Mzee Alois, mama hajavuna bado?"

Alipokufa, wenzake hao ndio waliomtengenezea jeneza. Hawakununua. Thobias, msimamizi wao, alichagua ubao wa mninga usio na fundo hata moja. Agnes alipaka vanishi, akalia ndani ya kopo la vanishi. Na Kondo akapiga randa mpaka ubao ukateleza kama shavu la mtoto.

Kondo alikuwa Mzaramo, Muislamu wa Kisarawe, na kwa Mluguru Mzaramo ni mtani. Mtani msibani halii. Kazi yake ni kufanya vituko ili waliao wapumue. Siku ya mazishi Kondo aliruka ndani ya kaburi, akajilaza humo na viatu vyake, akasema hatoki. "Mnazika ovyo! Huyu mama alinilisha biskuti miaka yote hii, nani atanilisha sasa? Yule Mluguru wa mguu mmoja mrefu mmoja mfupi kwa kuzoea mlima? Hata ugali unamshinda!" Watu wakacheka na machozi machoni. Ilibidi apewe jogoo ndipo atoke. Alipotoka, alimshika Alois mkono akakaa naye hadi watu wote wakaondoka. Hakusema kitu. Alois alikuwa hajawahi kumwona Kondo amenyamaza.

Arobaini ikapita. Alois akawa na deni moyoni, na alijua muda wa kulilipa ni mfupi, kwa sababu karakana ilikuwa inauzwa.

Wakati ule mashirika yalikuwa yakiuzwa moja baada ya jingine. Mnunuzi wa karakana yao alikuwa amekwisha kuja mara mbili, akapita katikati ya mashine na mikono mfukoni, hakusalimia. Ilisemekana atabakiza wachache tu. Nani na nani, hakuna aliyejua. Toka hapo watu wakabadilika. Kila mtu alimshuku mwenzake kuwa amekwenda kwa mganga ili abakizwe yeye. Kisha asubuhi moja mfagiaji akakuta kitu chini ya kizingiti cha ofisi ya Thobias: mizizi na nywele, vimefungwa kwenye kitambaa chekundu. Hakuna aliyekiri. Tangu siku hiyo kila mtu alikuja na kikombe chake, akaondoka nacho.

Alois hakuliweka hilo akilini sana. Alifikiri jambo moja tu. Watu hawa watatawanyika, na hajawashukuru. Kwa maneno hataweza. Basi ataoka biskuti za Yuliana.

Jumapili, baada ya misa, alipanda darini. Giza lilikuwa kidogo na masizi yalining'inia. Aliyakuta madebe mawili. Mkono wake ulishika lile lisilo na alama. Ndipo akaiona kaniki kwenye lile jingine.

Baada ya mazishi wanawake wa ukoo wa Yuliana walikuwa wamepita nyumbani, wakavifunga kaniki vitu vyake vya kurudi Matombo: jembe lake, kikapu chake, mtungi wake. Alois alidhani na kaniki hii ni ya mikono ile ile. Basi hili ndilo la kwake mwenyewe, alifikiri. Hili ndilo alilokuwa akiokea. Akaliacha lile la kwanza, akashuka na la pili amelikumbatia.

Karanga zilikuwa na vumbi jeupe. Jivu, alijiambia. Yuliana alihifadhi hata maharage kwenye jivu.

Alizipepeta kwenye ungo, akazikaanga, akazisugua kwa viganja zitoke maganda. Maganda akayapetea uani. Kuku wakaja mbio, wakagombania vumbi na maganda na punje zilizodondoka. Yeye akaingia ndani na kinu. Akatwanga mpaka karanga zikaacha kuwa unga zikawa rojo, na rojo likatoa mafuta, likang'aa. Harufu yake ingemwambia mtu mwingine neno. Alois haikumwambia kitu.

Vipimo hakuvijua. Alichokijua ni sauti. Miaka yote alikuwa akikaa kizingitini akimsikiliza Yuliana akisaga sukari na mafuta kwa mwiko ndani ya bakuli, kwanza sauti ya mchanga, halafu sauti nyororo, halafu kimya. Akaifuata sauti hiyo. Akatia siagi ya karanga, mayai, unga wa ngano. Chokoleti alikuwa ameinunua duka la kona karibu na soko, na jua la njiani lilikuwa limeilainisha. Akaikata hivyo hivyo, vidole vikawa vyeusi.

Akatia mchanga kwenye sufuria kubwa, akaupasha moto juu ya jiko la mkaa. Akaweka ndani sahani ya bati yenye madonge ya biskuti, akafunika, akapanga makaa mekundu juu ya mfuniko. Moto chini, moto juu. Za kwanza ziliungua tumbo. Za pili zikatoka sawa, zina mipasuko juu kama ardhi ya kiangazi, na chokoleti ikichungulia kwenye mipasuko.

Akachukua moja ili aonje. Ilikuwa ya moto, na ilikuwa na umbo lile lile. Akaifikisha mdomoni.

Haikupita. Koo lilijifunga kama mtu aliyekabwa. Aliirudisha kwenye sahani, akakaa chini karibu na jiko, akatazama mkaa hadi ukawa mweupe. Kisha akazipanga zote ndani ya kopo la maziwa, na ile aliyoishika akaiweka juu kabisa.

Jioni aliona kuku mmoja mwekundu amesimama ukutani, mbawa zimeshuka, udelele unamtoka. Kideri, alifikiri Alois. Kideri huja kila masika ikikaribia. Wingu lilikuwa limekwisha kuukalia mlima, Uluguru wote hauonekani, na upepo ulioshuka bondeni ulikuwa wa baridi isiyo ya wakati wake. Asubuhi kuku wote walikuwa wamelala uani, miguu imekakamaa. Jirani yake alichungulia juu ya ua.

"Mzee, shikamoo. Hao kuku vipi?"

"Marahaba. Kideri."

"Kideri cha wote kwa usiku mmoja?"

Alois aliinua mabega. Akawafukia chini ya mgomba, akanawa, akachukua kopo lake, akaenda kazini.

Saa ya chai mashine zilizimwa. Alois akaliweka kopo juu ya meza ya kupigia randa, akafungua mfuniko. Harufu ilitoka, na watu wakasogea kabla hawajakumbuka kuogopa.

"Jamani!" alisema Agnes. "Za mama!"

"Si za mama," alisema Alois. "Nimeoka mimi. Kwa ajili ya jeneza. Na mengine yote." Akafikiri kama kuna neno lingine. Halikuwepo. "Karibuni."

"Mluguru ameoka!" Kondo alipiga kelele kutoka kwenye benchi lake. "Leo mlima utahama!"

"Kaa chini, Mzaramo," Alois alimjibu. "Ngoma haijalia bado."

Watu walicheka. Lakini hakuna mkono uliokwenda kwenye kopo. Walisimama wamelizunguka, kila mmoja na kikombe chake.

Desturi ni moja. Anayeleta chakula huonja kwanza, mbele ya watu. Huitwa kutoa uchawi, na siku za kawaida hufanywa kwa mzaha, mtu anamega kipande anasema, "Haya, mmeona, sijafa." Siku hiyo haikuwa mzaha. Thobias, ambaye kizingiti chake ndicho kilichokutwa na kile kitu, alitabasamu kwa mdomo tu.

"Mzee wangu, tunashukuru sana. Ila anza wewe."

Alois alilitazama kopo. Ile aliyoishika jana ilikuwa juu kabisa.

"Kuleni tu," alisema. "Mimi sili."

Mtu mmoja nyuma alikohoa.

"Ni Kwaresima, eeh, baba?" Agnes aliuliza upesi. "Umejinyima vitamu?"

Agnes alimfungulia mlango wa kutokea. Angeitikia tu, yangekwisha. Lakini Alois hakuwa na mazoea ya kusema kitu kisichokuwepo.

"Hapana," alisema. "Koo tu."

Macho yakashuka chini. Thobias akaanza kuipuliza chai ambayo ilikuwa imekwisha kupoa. Hapo ndipo Kondo alipowapasua watu katikati, akalinyakua kopo zima, akalibana kwapani.

"Aibu gani hii? Chakula cha mfiwa ni cha mtani! Tangu lini mtani akaonjewa?" Akatia mbili mdomoni kwa pamoja, akatafuna huku akiwatazama mmoja mmoja. "Ooh, nakufa! Nishikeni! Mluguru kanimaliza!" Akapepesuka, akamwangukia Agnes, Agnes akapiga ukelele, watu wakaangua kicheko. Kondo akatia nyingine. "Chungu kidogo. Umeunguza, mtani. Marehemu angekuchapa mwiko."

"Rudisha kopo, Mzaramo."

"Sirudishi. Wapewe moja moja, waoga hawa. Zinazobaki zangu."

Akawagawia yeye mwenyewe, akiwatia mkononi kwa nguvu, na baada ya vituko vile hakuna aliyeweza kukataa. Alois aliuona kila mkono ukipokea. Aliona watu wakigeuka, wakielekea huku na huku na chai zao. Kifua chake kikalegea kidogo, mara ya kwanza tangu mazishi. Akaurudia msumeno.

Mchana wingu lilishuka hadi kwenye paa za mji. Alois alikuwa akipasua gogo la mvule alipomwona mwanamke mlangoni, ametota jasho, kanga imemtoka kichwani. Ni Cecilia. Alikuwa ameshuka na lori la ndizi kutoka Matombo kuja kuchukua mbegu za ukoo, maana mvua ilikuwa karibu, na alikuwa amekwisha kupita Bigwa. Alois akazima msumeno. Cecilia alikuwa akipiga kelele, na sauti yake ikasikika ghafla kubwa.

"... la kaniki, shemeji! Debe la kaniki umelifanyaje?"

"Nimeokea biskuti."

Cecilia alijishika mdomo. "Umezila wewe?"

"Sikula. Nimewaletea hawa."

"Zile ni za mbegu! Zina dawa! Hakukwambia? Ile kaniki aliifunga mwenyewe, ili mkono wa mtu usiguse! Nimekuta kuku umewafukia, mbwa wa jirani amewafukua, na mbwa mwenyewe amelala pale pale!"

Alois alisikia kila neno. Aliweka mkono kwenye meza ya msumeno. Kuku, alifikiri. Kideri cha wote kwa usiku mmoja. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyepata kumwona akilifanya. Akapaza sauti.

"Nani amekula? Wote njooni! Nani amekula?"

Walikuja. Walikuwa wamemsikia Cecilia. Walisimama mbali kidogo naye, na nyuso zao zilikuwa na kitu ambacho si hofu peke yake. Agnes ndiye aliyesogea kwanza.

"Baba, nisamehe. Sikula."

"Iko wapi?"

Aliwaongoza kwenye rundo la vumbi la mbao nyuma ya karakana. Akachimbua kwa mguu. Biskuti yake ilikuwa pale, nzima. Na pembeni yake nyingine. Na nyingine. Kila mmoja alikuwa amekuja kwa wakati wake akaizika yake, akidhani yuko peke yake. Thobias alitoa yake mfukoni, imefungwa kwenye karatasi ya msasa, haikumegwa.

Alois alipiga magoti akazikusanya zote kwenye kofia yake. Walimwogopa, na wamepona. Hakujua ashukuru au afanyeje. Hakupata muda wa kujua, kwa sababu Agnes aliuliza kwa sauti ndogo:

"Kondo yuko wapi?"

Benchi lake lilikuwa tupu. Randa ilikuwa imeachwa katikati ya ubao, ulimi wa ubao umejikunja bado haujakatika. Kopo lilikuwa chini ya benchi. Alois aliinama akalitazama. Zilikuwa zimebaki chenga.

Walimkuta nyuma ya shehena ya mbao, amekaa, mgongo kwenye magogo. Shati lilikuwa limelowa kama aliyetoka mtoni. Mate yalimtoka bila kukoma na misuli ya shavu ilimchezacheza yenyewe. Alijaribu kuinua kichwa.

"Mtani," alisema Alois. "Mtani, tapika."

"Nimetapika." Kondo alihema. "Sikuoni vizuri. Ni wewe, Mluguru?"

"Ni mimi."

"Nilikuwa... nilikuwa natania." Akajaribu kucheka, ikatoka pumzi tupu. "Nilisema nakufa. Nilikuwa natania tu."

Walimpakia kwenye lori la karakana, juu ya mbao zilizokuwa zikingoja kupelekwa, kwa kuwa hakukuwa na muda wa kuzishusha. Alois alipanda akakishika kichwa chake. Thobias naye akapanda, lakini alikaa upande wa pili, na njia nzima alimtazama Alois, si Kondo. Mvua ikaanza kabla hawajafika, matone makubwa yaliyotenganatengana.

Hospitalini daktari aliuliza swali moja mara tatu. "Dawa gani? Jina lake?" Hakuna aliyejua. Cecilia alisema ilikuwa unga mweupe kwenye gazeti. Daktari akamfunua Kondo kope, akaona mboni zimesinyaa kama tundu la sindano, akaita wauguzi, akaanza kuchoma sindano. Watu wakatolewa nje.

Barazani Thobias alimsogelea Alois. Alisema taratibu, kwa adabu, kama mtu anayeongea na mgeni.

"Mzee, mimi sisemi kitu. Lakini mnunuzi anakuja wiki hii. Na wewe peke yako hukula."

"Sikujua, Thobias."

"Sisemi ulijua."

"Nilishindwa kuonja. Ni biskuti zake yule."

Thobias alimtazama muda mrefu. Pengine alitaka kuamini. Kisha akakumbuka kizingiti chake, akarudi nyuma hatua moja, akaenda kusimama na wengine. Mkewe Kondo alikuwa amefika, amekaa sakafuni na kanga mdomoni. Hakuna aliyempeleka Alois kwake. Cecilia peke yake ndiye aliyebaki benchi moja naye, akilia kwa ajili ya dada yake upya.

Alois hakuomba kazi ibaki wala jina lake lisafishwe. Aliomba Kondo aishi. Alisema rozari bila rozari, kwenye vidole vyake, kidole kwa kidole.

Kondo aliishi. Ilikuwa shida, kuna wakati walidhani wamempoteza, wakamrudisha, na kwa siku kadhaa hakujua yuko wapi. Huko karakana mnunuzi alikuja, biskuti zikasahauliwa kidogo, kisha watu walioachishwa wakazikumbuka tena, wakazisimulia kwa namna yao. Alois alikuwa miongoni mwa walioachishwa. Alipokea habari hiyo amesimama, akakabidhi miwani yake ya msumeno, akaondoka. Kila jioni alikwenda hospitali, akakaa barazani, kwa kuwa mke wa Kondo hakutaka aingie. Hakugombana naye.

Siku moja mke yule alitoka, akasema bila kumtazama, "Anakuita."

Kondo alikuwa amekonda. Alikuwa ameegemezwa mto, mikono juu ya shuka, na mikono hiyo ilitetemeka kidogo bila kuacha, ile mikono iliyoulainisha mninga wa Yuliana. Mboni zilikuwa zimerudi kawaida. Alois alisimama miguuni pa kitanda. Njia nzima alikuwa amejitayarishia maneno, na kwake hilo lilikuwa jambo kubwa.

"Mzaramo," alisema. "Umelala mpaka mvua imeanza. Jembe umemwachia nani?"

Akangoja. Kila mara alipotupa neno kama hilo, jibu lilirudi kabla hajamaliza.

"Shikamoo, mzee," alisema Kondo.

Alois alikuwa mkubwa wake kwa miaka mingi, na kwa miaka mingi hakuwahi kuamkiwa naye. Mtani hamwamkii mtani hivyo. Alois akatoa lile jibu linalotakiwa.

"Marahaba."

"Kaa, mzee. Karibu kiti."

Alikaa. Nje mvua ilikuwa ikipiga mabati. Kondo aliitazama dari.

"Nina swali moja tu, halafu hatutalizungumza tena. Wewe ulionja?"

"Sikuonja."

"Hata nyumbani?"

"Hata nyumbani."

"Kwa nini?"

Alois alijua jibu. Lilikuwa limemkaa kooni tangu Jumapili ile mbele ya jiko. Lakini lilikuwa jambo lisilokuwa na umbo la maneno. Yuliana angeweza kulisema, akalizungusha vizuri, mtu akaelewa. Akajaribu.

"Niliifikisha mdomoni," alisema. "Ilikuwa ya kwake. Koo likakataa."

Mikono ya Kondo iliendelea kutetemeka juu ya shuka, akaificha ndani.

"Nimeelewa, mzee," alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu anayemtakia mwenzake safari njema. "Pole na matatizo. Ahsante kwa kunijulia hali."

Kisha akageukia ukutani. Mkewe akaja akakivuta kiti nyuma kidogo, na Alois akasimama ili kivutike.